Nunua Adungu kwa Fundi Aliyeichonga

Wanangu,

Swali mnaloniletea mara nyingi ni hili: "Mzee, nina pesa kidogo, nataka kujifunza chombo cha nyuzi. Ninunue kipi?" Wengine mmekwisha kuona magitaa ya bei ya chini katika maduka ya katikati ya Kampala. Wengine mmemwona mtu akipiga mandolini kwenye simu, moyo ukaenda huko. Nimeona niwajibu kwa maandishi ili nasaha yangu iwafikie hata wasionijua. Anza na adungu, na uinunue kwa fundi aliyeichonga. Mengine yote nitakayoyasema yanatoka katika neno hilo.

Sisemi hivyo kwa kudharau vyombo vya wengine. Gitaa la bei ya chini kabisa mara nyingi nyuzi zake zimekaa juu mno ya shingo. Mwanafunzi anabonyeza mpaka vidole vinaumia, sauti inatoka imepinda, naye anadhani hana kipaji. Mandolini inadai zaidi. Ina nyuzi 8 zilizopangwa jozi 4, na kila jozi sharti itoe sauti moja. Kile kijiti kinachobeba nyuzi hakikugundishwa. Kimeshikwa na mkazo wa nyuzi tu, kwa hiyo kikisogea kidogo, sauti zote za shingoni zinakuwa za uongo. Vyote hivyo vinarekebishika, lakini vinahitaji mkono wenye uzoefu, na mkono huo si rahisi kuupata mtaani kwako. Adungu haina cha kubonyeza. Kila uzi una sauti yake moja, nyuzi zenyewe siku hizi ni mshipi wa kuvulia samaki, na mafundi wake wako hapa hapa.

Ijueni kwanza mnayotaka kuinunua. Adungu ni chombo cha Waalur, watu wa West Nile, kuanzia Pakwach na Nebbi hadi Zombo, na ndugu zao walio ng'ambo ya mpaka, upande wa Mahagi nchini Kongo. Gogo linachimbwa kama mtumbwi mdogo, kisha mdomo wake unafunikwa kwa ngozi ya ng'ombe iliyovutwa na kushonwa hadi mgongoni. Shingo ya mti inapinda kwenda juu kutoka upande mmoja. Nyuzi zinaanzia kwenye vigingi vya shingoni na kushuka hadi kwenye ufito ulioshikwa na ngozi. Uzi ukitikisika, ufito unaisukuma ngozi, na ngozi ndiyo inayosema.

Ina ndugu yake hapa Buganda, ennanga, nayo imepinda shingo vilevile na ina nyuzi 8. Ennanga ilikuwa chombo cha ikulu ya Kabaka, mfalme wa Buganda. Temuteo Mukasa, mpigaji wake aliyesifika, alirekodiwa na mtafiti wa muziki Hugh Tracey mwanzoni mwa miaka ya 1950. Mwaka 1966 jeshi lilishambulia Lubiri, ikulu hiyo ya Kabaka pale Mengo, wanamuziki wa ikulu wakatawanyika, na mwaka uliofuata falme zikafutwa. Zilirudishwa mwaka 1993, lakini muda ule ulitosha kuwatenganisha walimu na wanafunzi wao. Hadi leo wanaoijua ennanga vizuri ni wachache mno. Adungu haikuegemea ikulu moja. Ilipigwa harusini, ikaingia makanisani na katika mashindano ya muziki ya shule, ikaoanishwa kwa do, re, mi, ikachongwa ndogo ya sauti nyembamba na kubwa ya besi. Wenye kuichonga na wenye kuifundisha walikuwa wengi, na walikuwa kila mahali. Chombo hakiishi kwa sifa, wanangu. Kinaishi mradi kuna fundi anayekula kwa kazi ya kukichonga na mtoto anayekwenda kwake kununua.

Kabla ya kutoa hata shilingi, nenda Uganda Museum pale Kitante. Kuna vyombo vya muziki vya makabila yetu vimepangwa. Simama mbele ya vyombo hivyo, tazama shingo zilivyopachikwa, linganisha adungu na ennanga na endongo, chombo kingine cha nyuzi cha Waganda. Klaus Wachsmann, aliyekuwa msimamizi wa jumba hilo kuanzia mwaka 1948 hadi 1957, alizunguka nchi akirekodi wapigaji, na nakala za rekodi zake zimerudishwa Makerere. Jicho lililokwisha kuona chombo chema halidanganywi kwa urahisi sokoni.

Sasa twende kununua. Katika masoko ya sanaa kama lile la Buganda Road utaziona adungu ndogo zimening'inizwa, zimechorwa twiga na jua linalotua. Nyingi zimetengenezwa kupamba ukuta wa mgeni. Si kosa la muuzaji. Wapo wanaotaka pambo. Wewe unataka chombo cha kupiga, kwa hiyo mwambie waziwazi, "Ssebo, nataka ya kupiga," kisha umuulize nani aliichonga. Akikuelekeza karakanani, nenda. Wako mafundi ndani ya Kampala yenyewe, na kule Mpambire, kando ya barabara ya Masaka, kuna kijiji kizima kinachojulikana kwa kazi ya ngoma, ambako watu wanaijua ngozi na gogo tangu utotoni.

Ukifika kwa fundi, salimia ipasavyo, keti, usianze na bei. Omba adungu ya nyuzi 9. Yenye nyuzi 7 haifiki do ya juu, na utaichoka mapema. Yenye 9 inakupa ngazi nzima na sauti moja ya ziada. Ishike, uikague hivi.

Tazama shingo inapoingia kwenye tumbo. Shika tumbo kwa mkono mmoja na shingo kwa mwingine, uitikise taratibu. Ikicheza, iache, kwa sababu mkazo wa nyuzi zote unaishia hapo. Pitisha kidole kando ya gogo ukitafuta ufa, hasa karibu na tundu la shingo. Ufa uliozibwa kwa gundi na kupakwa rangi unaonekana ukiinamisha chombo upande wa mwanga. Nusa ngozi. Ngozi iliyokauka vizuri haina harufu ya kuoza, na ukiigonga kwa kidole inajibu sawasawa kila mahali. Fuata mshono hadi mgongoni uone kama kamba zimevutwa kwa mkazo mmoja. Mwisho zungusha kila kigingi. Kizunguke kwa uzito kidogo na kibaki pale ulipokiacha. Kinachorudi nyuma chenyewe hakijaenea tundu lake.

Halafu mwombe fundi aipige, usikilize. Uzi mmoja ukilia kwa mkwaruzo, uliza kwa nini, lakini usikimbilie kuita kila mkwaruzo kosa. Katika endongo nyuzi hutetemeka juu ya ngozi ya kenge, na ennanga hutiwa pete za ngozi hiyo shingoni, ili sauti ile ya kuvuma ipatikane kwa makusudi. Babu zetu waliipenda. Kosa ni mkwaruzo ambao fundi mwenyewe hakuukusudia, naye atakuambia kama ni fundo linalogusa ngozi au kigingi kilicholegea.

Kwenye bei, patana kwa heshima. Usimlazimishe fundi kushusha mpaka alale njaa, kwa maana utamrudia. Badala ya kupunguziwa elfu chache, omba akupe vitu vitatu: nyuzi za akiba zilizokatwa kwa unene wa kila uzi, dakika za kukuonyesha kufunga uzi mpya, na neno lake kwamba ukikwama utarudi. Muulize pia do ya chombo hiki ameiweka wapi, uiandike. Hayo dukani huyapati hata ulipe mara mbili.

Ukifika nyumbani kazi ndiyo inaanza. Adungu mpya haitulii. Mshipi wa nailoni huvutika siku za mwanzo, ngozi nayo inazoea mzigo wake. Usikasirike ukiikuta asubuhi imeshuka sauti. Ipatanishe asubuhi na jioni, bila kuchoka, mpaka itulie.

Kuipatanisha kuna utaratibu wake. Programu ya simu itakusaidia kupata do ya chini aliyokuandikia fundi. Ukishaipata, weka simu chini utumie sikio. Tafuta do ya juu kwa kupiga nyuzi zote mbili pamoja, mpaka zisikike zimelala pamoja. Kisha sol, kisha mi. Piga do, mi, sol kwa pamoja. Zikikubaliana, malizia re, fa, la na ti, na ule uzi wa ziada uufuatishe na mwenzake. Ukimaliza, rudi kwenye do ya kwanza. Utaikuta imeshuka. Hujakosea. Kila uzi unaoukaza unavuta ngozi juu na kuinamisha shingo kidogo sana, kwa hiyo nyuzi ulizotangulia kuzikaza zinalegea. Zunguka tena mara ya pili, na ya tatu, ukirekebisha kidogo kidogo. Wengi hukata tamaa hapa wakasema chombo ni kibovu, kumbe kinataka mtu mwenye subira.

Kigingi usikizungushe tu. Kisukume ndani huku ukikizungusha, maana kinashikwa na tundu lake na si na kitu kingine. Kikiteleza, kipake chaki kavu kidogo. Kikikwama, mguso wa sabuni kavu unatosha. Uzi mpya upite kwenye tundu la kigingi, uzunguke mara mbili au tatu zikiwa zimepangana vizuri, ndipo uukaze. Wala usiipandishe do juu kuliko alipoiweka fundi ili ufuate wimbo wa rekodi fulani. Ngoma ikilia sana haikawii kupasuka, na adungu ikikazwa kupita kiasi, shingo hung'oka au ngozi huchanika kwenye ufito. Ukitaka sauti ya juu zaidi, nunua adungu ndogo zaidi.

Itunze kulingana na nchi yetu. Mvua za Machi hadi Mei, na zile za Septemba hadi Novemba, hulainisha ngozi na sauti hushuka. Utaona wapiga ngoma wakizipasha ngoma zao motoni, usiige. Ukiisogeza adungu karibu na sigiri, gogo hupasuka na nailoni huharibika. Iache mahali pakavu penye hewa, ipatanishe upya, basi. Usiiegemeze kwenye ukuta unaovuja wala kuifungia ndani ya gari juani. Itundike juu, kwa sababu panya hupenda ngozi, na kila wiki ipanguse vumbi kwa kitambaa kikavu huku ukichungulia kama wadudu wameanza kutoboa. Kwenye boda boda ipakate mwenyewe, shingo ikitazama juu, usimwachie dereva aifunge nyuma. Kama hutaipiga kwa wiki kadhaa, legeza kila kigingi kidogo.

Kuhusu kujifunza kwenyewe, nina machache. Piga muda mfupi kila siku kuliko siku nzima ya Jumapili. Jifunze wimbo mmoja wa kwenu, ule ambao mama yako ataujua akiusikia jikoni, kabla ya wimbo wa redioni, kwa sababu wimbo unaoujua moyoni ndio utakaokuambia pale kidole kilipokosea. Mcheza kwao hutunzwa. Halafu tafuta wenzako wawili. Adungu inapendeza ikiwa ndogo, ya kati na ya besi pamoja, na mtu anayejifunza peke yake hajui kama anakimbia au anachelewa. Mwendeeni fundi wenu mara kwa mara, hata kama hamna cha kutengeneza, mumsikilize.

Na asikuambie mtu kwamba chombo cha kwenu kitakufungia mlango. Sikio lililojua kulaza sauti mbili pamoja kwenye adungu litajua kupatanisha zile jozi za mandolini siku ukizipata. James Ssewakiryanga alianzia kwenye adungu akabuni Janzi, chombo chenye nyuzi 22, na sasa wengine wanajifunza kutoka kwake. Aliweza kuongeza kwa sababu alikijua kwanza kilichokuwepo.

Basi, mwenye akiba yake ndogo asisubiri mpaka iwe kubwa. Nenda Kitante utazame, nenda karakanani uulize, toa pesa yako mkononi mwa yule aliyechonga, na umpe mkono wa shukrani. Ukishaujua wimbo wako wa kwanza, mkalishe mdogo wako mbele ya adungu hiyo hiyo umfundishe, na siku atakapotaka ya kwake, mpeleke kwa fundi yule yule. Mungu awape subira ya kukaza na kulegeza, na azibariki kazi za mikono yenu.