Nani Aulizwe?



Habari za Nabothi na Mfalme Ahabu, katika 1 Wafalme 21, sisi wa Dodoma tunazielewa upesi, maana hata kwetu mizabibu inalimwa. Twazoea kusema kwamba Ahabu alikuwa mnyang'anyi. Ni kweli, lakini tusisahau kwamba alianza kwa adabu: alitoa shamba jingine lililo bora, au fedha. Kuuliza hakukuwa kosa. Kosa lake ni kwamba aliuliza naye hakuwa tayari kusikia neno "hapana".

Jambo hili limetugusa hapa Bahi. Katika miaka ya mwisho ya 2000 walikuja watu wa kupima madini ya urani katika mbuga yetu, pale Mto Bubu unapomwaga maji yake. Mbuga hiyo ndiyo tunayolima mpunga, tunayovua samaki na kuchungia mifugo. Sheria inasema wazi kwamba madini ni mali ya Taifa zima, wala si ya kijiji. Nasi twakubali. Mtu wa Kigoma ana haki katika urani ya Bahi, kama sisi tulivyo na haki katika gesi ya Mtwara.

Basi, kwa nini tuulizwe? Kwa sababu faida yaweza kugawiwa nchi nzima, lakini vumbi na maji yaliyoharibika hayagawanyiki. Hubaki kwa yule anayeishi pale. Mwenye kubeba mzigo aulizwe kabla hajatwishwa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yaelekea huko, ila haifiki mwisho. Ardhi ya kijiji ikitakiwa kuhamishwa, nayo haizidi hekta 250, mkutano mkuu wa kijiji waweza kukubali au kukataa. Ikizidi hapo, mkutano hutoa maoni tu, na Waziri ndiye mwenye kauli. Yaani jambo likizidi kuwa kubwa, sauti ya kijiji hupungua.

Lakini na tujihoji sisi wenyewe. Tukisema "sisi wenyeji", twamaanisha nani? Koo nyingi za Wagogo husimulia kwamba wazee wao walitoka Uhehe na kwingineko. Nao wafugaji wanaoleta ng'ombe mbugani wakati wa kiangazi, je, tunapopanga mashamba mapya ya mpunga, huwa tunawaita? Au twasema, "Hao ni wapita njia"? Neno hilo hilo laweza kusemwa juu yetu na mtu mwenye nguvu kuliko sisi.

Tujifunze kwa Wahadzabe wa Bonde la Yaeda, wilayani Mbulu, watu wanaoishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi na kurina asali, wala hawana chifu wa kuwasemea. Mwaka 2007 bonde lao lilitakiwa kwa ajili ya uwindaji wa wageni kutoka Falme za Kiarabu. Kelele zikapigwa, wageni wakajitoa. Hata hivyo kelele hupoa. Kinga iliyo imara zaidi ilikuja Oktoba 2011, walipopewa hati ya kimila ya zaidi ya hekta 20,000. Kazi ya namna hiyo haikamiliki bila majirani, wakulima kwa wafugaji, kukaa chini na kukubaliana mipaka na watu waliozoea kuwadharau.

Wachungaji wa Abramu na wa Lutu walipogombana juu ya malisho (Mwanzo 13), Abramu ndiye aliyekuwa mkubwa, naye angeweza kuchagua kwanza. Alimwachia mdogo wake. Sisi hatutakiwi kufika mbali hivyo kila mara; wengine tuna watoto wa kulisha. Ila kumwita mwenzetu mkutanoni na kumsikiliza kabla ya kuamua hakutupunguzii hata debe moja la mpunga.

Tuna haki ya kuitaka Serikali ituulize. Basi, mkutano wa kijiji utakapoitishwa tena, tutazame kwanza ni nani hayupo, na kama tulimpelekea habari.