Kimya cha Tarumbeta ya Pili

Kwaya yetu hapa Sumbawanga ina tarumbeta mbili. Ili kuokoa karatasi, niliunganisha sehemu zao kwa kompyuta katika safu moja ya mistari mitano. Kanuni ni hii: nota ikiwa moja, "a 2" humaanisha wapige wote, "1" humaanisha apige wa kwanza peke yake. Nami sikuandika lolote. Wa pili, aliyepaswa kupumzika, akapiga. Alikaripiwa mbele ya wote, nami nikanyamaza. Kimya changu kikawa ushahidi dhidi yake.

Ndugu msomaji, si ndivyo tufanyavyo vikaoni? Anayenyamaza tunamhesabu amekubali. Kuchangia mistari si kosa. Kosa ni kufuta alama ya kimya cha mwenzako. Nilimwomba radhi, kisha nikaandika "1".