Usimtambue kwa Mkia

Somo: Yeremia 8:7

Mwezi huu wa Januari nyaya za umeme hapa Mabatini, kandokando ya Mto Mirongo, zimejaa mbayuwayu. Wapo wenyeji wanaozaliana kanda hii ya ziwa, na wapo wageni kutoka Ulaya na Asia watakaoanza kurudi kwao mvua za masika zikikolea. Mgeni ana uzito wa gramu 20 hivi, lakini safari yake ni ya maelfu ya kilomita. Mmoja alivishwa pete mguuni Staffordshire, Uingereza, mwaka 1911. Desemba 1912 akapatikana Natal, Afrika Kusini.

Utawatofautishaje? Wote wana mgongo wa buluu inayong'aa na koo jekundu. Wengi hukimbilia mkia: wa mgeni una ncha mbili ndefu, wa mwenyeji ni mfupi. Majira haya mkia unadanganya, maana mgeni ananyonyoka. Ncha za zamani zimedondoka, mpya hazijakua. Mtazame kifuani. Mgeni ana mshipi mpana wa rangi ya giza chini ya koo, usiokatika, na tumbo lake ni jeupe. Mwenyeji wekundu wake unashuka hadi kifuani, mshipi ni mwembamba na umekatika, na tumbo ni la kijivu.

Yeremia anasema ndege hawa wanayajua majira yao, ilhali watu wa Mungu hawaijui hukumu yake. Kunyonyoka nako ni majira. Mbayuwayu mgeni huota manyoya ya safari akiwa huku kwetu, kwa kula wadudu wanaopaa kutoka ziwani.

Katika jumuiya zetu yupo kijana aliyetoka Ukerewe au Sengerema, kapanga chumba huko juu kwenye mawe, mtaji umekata, na Jumapili anakaa benchi la nyuma kwa kuonea haya viatu vyake. Tumeshamwita mvivu. Tumeshasema huonekana kanisani akiwa na shida tu. Huo ni mkia, ndugu zangu, tena mkia wa majira. Asipopata wa kumlisha sasa, ataruka na nini?

Wiki hii, kabla hujampa mtu jina, mtembelee. Muulize amekula nini, na kodi ya chumba imefikia wapi. Kisha mfanyie jambo, hata kama ni dogo.

Tuombe: Bwana, utupe subira ya kutazama, na mkono mwepesi wa kutoa. Amina.