Ushujaa na Hiari Katika Vita vya Kilele

Aghalabu mhakiki huupima utungo wa vita kwa ushujaa wa wanaokufa. Kipimo hicho hakitoshi. Katika One Piece, hadithi ya maharamia ambayo Mjapani Eiichiro Oda alianza kuichapisha mwaka 1997, nahodha mzee Ndevu Nyeupe anaziongoza merikebu zake hadi Marineford kumwokoa Ace, amwitaye mwanawe. Ace anafunguliwa, kisha anauawa; mzee naye anakufa wima. Kifo chake kina uzito wa kimaadili kwa kuwa alikwenda kwa hiari, akijua gharama.

Kigezo hicho cha hiari chafaa pia kuhakiki masimulizi ya ngome ya Chetambe, kaskazini mwa Kakamega, iliyovamiwa mwaka 1895. Kikosi cha C. W. Hobley kilitoka Mumias kikiwa na bunduki na wapiganaji wa Nabongo Mumia. Wanaume wa Kibukusu waliokataa kusalimisha bunduki zao walichagua. Kina mama na watoto waliokuwamo ngomeni hawakuchagua. Kuwaita wote mashujaa ni kuifunika kwa sifa dhuluma waliyotendewa.

Hiari kubwa zaidi ilikuwa kwa Hobley, na kwa kiasi fulani kwa Mumia, aliyeuona urafiki wa Waingereza kuwa kinga ya ufalme wake. Mtunzi atakayeiandika Chetambe hana budi kuuliza kwanza: nani angeweza kukataa?