Parachuti ni ya Nani?

Kwa nini ndege ya abiria haiwekwi parachuti chini ya kila kiti? Swali hili barazani kwetu Chake Chake halizeeki. Sisi Wapemba tukitaka kwenda Unguja njia ni mbili tu, bahari au anga, kwa hivyo kila mtu ana lake la kusema. Boti ina majaketi ya kujiokolea, vijana husema, basi na ndege iwe na miavuli yake. Ati wenye kampuni wanabana pesa tu.

Jawabu la mafundi halina mzunguko. Ndege kubwa huruka kiasi cha futi 35,000, baridi huko hufika digrii 50 chini ya sifuri, pumzi haipatikani, na mwendo unapita kilomita 800 kwa saa. Tena ajali nyingi hutokea wakati wa kuruka au kutua, karibu mno na ardhi. Ndege ya Precision Air iliyotumbukia Ziwa Viktoria tarehe 6 Novemba 2022 ilikuwa inakaribia kutua Bukoba. Ilikuwa na watu 43, wakafa 19. Wa mwanzo kuwafikia walikuwa wavuvi na mitumbwi yao.

Lakini mimi linanikereketa jengine. Haya, tuseme mafundi wameweza. Ndege inayumba baina ya Mkoani na Nungwi, mlango uko wazi. Nani ataruka? Mimi, kijana mwenye magoti mazima. Na bibi kizee je? Na mama mwenye kichanga mapajani? Na mgonjwa anayepelekwa Mnazi Mmoja?

"Bora wapone wawili kuliko wafe wote," rafiki yangu hunijibu. Hoja yake ina uzito, siikimbii. Mlango ukishafunguka, yeye ndiye mwenye haki. Ila uamuzi haufanywi mlangoni, bwana. Hufanywa ofisini, miezi mingi kabla, pesa zinapogawiwa: zinunue kitu cha kumwokoa mwenye nguvu, au zitengeneze injini inayombeba kila mtu? Kuna ndege ndogo za Cirrus, za watu wachache, ambazo tangu miaka ya 1990 zina parachuti moja ya ndege nzima. Hiyo naikubali. Ikifunguka, bibi na kichanga wanateremka pamoja na rubani. Bahati mbaya, ndege kubwa za abiria ni nzito mno kwa mwavuli kama huo.

Na kifaa peke yake hakitoshi. Tarehe 23 Novemba 1996 ndege ya Ethiopian Airlines iliyotekwa iliishiwa mafuta ikaanguka baharini, karibu na ufukwe wa Ngazija. Kati ya watu 175 walikufa 125. Majaketi yalikuwemo. Wengine waliyajaza upepo wangali ndani. Maji yalipoingia, yakawaelea nayo hadi darini, wasiweze kupiga mbizi kuutafuta mlango.

Nadhani tunadai parachuti kwa sababu hatuwaamini wanaotusafirisha. Kila mtu anataka mlango wake wa siri. Na nani atatulaumu? MV Spice Islander ilizama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 ikija Pemba. Tume ya uchunguzi ilisema ilibeba watu zaidi ya 2,000, wakati ruhusa yake haikufika 700. Kuna waliowaona watu wale wakipanda, mmoja mmoja, pale bandarini Unguja, wakaiachia meli ing'oe nanga. Ungempa kila abiria jaketi mbili, wale walioiachia wangebaki na deni lile lile.

Siku hizi nikipanda boti Mkoani, kwanza natazama majaketi yako wapi. Halafu nahesabu vichwa. Wenzangu wananicheka, ati najifanya nahodha. Mimi nahesabu tu.