Amana

Neno amana tumelipokea kwa Waarabu, wala halikuja peke yake. Katika shina lake la herufi tatu, alifu, mimu na nuni, zimechipuka pia imani, amani na kuamini. Kinyume chake Waarabu huita khiyana. Huko ndiko litokako neno letu hiana, na haini, yule asalitiye nchi, ni wa shina lilo hilo. Si jina dogo kumpa mtu aliyefungua kisanduku cha jirani!

Waislamu husimulia ya kuwa Muhammad, alipohama Makka mwaka 622, alimwacha Ali nyuma awarudishie watu amana zao, ingawa mji ulikuwa umemgeukia. Na Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952 yatumia neno hili pale Paulo amwagizapo Timotheo kulinda alichokabidhiwa.

Basi, wasomaji, twauliza jambo linalosumbua vijiji vyetu. Kijana aendaye kazi mbali humwekea jirani fedha. Jirani apatwa na shida, azitoa, anunua mbegu. Baada ya mavuno azirudisha kamili, na mwenyewe hajarudi bado. Je, amekosa? Wengi hujibu, La, hakuna kilichopungua. Shilingi hazina alama, hii ni sawa na ile.

Sisi twasema amekosa, hata kama mavuno yalikuwa mema. Maana siku zile zote mwenye fedha alilala akidhani mali yake ipo, kumbe lililokuwapo ni tumaini la mvua tu. Ameingizwa katika hatari ya shamba lisilo lake, wala hakuulizwa. Akopaye huomba, na mwenye mali aweza kukataa. Uwezo huo wa kukataa ndio ulioibwa.

Torati, katika Kutoka 22, yaagiza kwamba mali iliyowekwa kwa mtu ikiibwa, na mwizi asipatikane, aliyewekewa aende mbele za Mungu, ijulikane kama hakuitia mkono mali ya mwenziwe. Haiulizi kama ameirudisha, yauliza habari za mkono. Wanasheria wa Kiislamu nao husema, amana ikipotea pasipo uzembe wa mshikaji, halipi. Lakini akiitumia bila idhini, hasara yoyote itakayofuata ni juu yake.

Mtu ataleta mfano wa benki, ambazo huziita fedha za wateja amana, kisha huzikopesha. Hapo jina limebaki, maana imehama. Mwaka 1848, katika kesi ya Foley na Hill, Baraza la Malodi la Uingereza liliamua ya kuwa fedha zikiisha kuingia benki ni za benki, nayo ni mdeni wa mteja. Kijana wetu hakupatana hivyo na jirani.

Mwenye shida na ampelekee mwenye mali habari kwanza, asiguse kitu. Akikubaliwa, amana imekwisha, sasa ni deni, na mashahidi waitwe siku ile ile.