Moshi wa Jalala na Vikapu Kumi na Viwili

Huku Jorodom samadi inakwenda shambani na maganda wanakula mbuzi. Mzee wa Kiiraqw aliyekulia katika nyumba moja na ng'ombe angeshangaa kuambiwa kwamba kinyesi ni kitu cha kutupwa. Ndiyo maana swali hili lilinijia kama mgeni: je, umeme unaotokana na taka za mjini ni tendo jema mbele za Mungu, au ni kunawa mikono tu?

Taka zilizofukiwa huoza bila hewa na kutoa gesi, ambayo karibu nusu yake ni methani. Ikiachwa ipae, methani hupasha anga joto mara 28 hivi kuliko hewa ya ukaa ya uzito uleule, kwa hesabu ya miaka 100. Ikivutwa kwa mabomba kutoka ndani ya jalala, huweza kuendesha injini na jenereta. Jalala la Mtoni, Dar es Salaam, liliwekewa mpango wa namna hiyo chini ya Itifaki ya Kyoto.

Agosti 2024 jalala la Kiteezi, Kampala, liliporomoka na kuua watu zaidi ya 30. Sisi wa Hanang, tuliozika wapendwa wetu baada ya maporomoko ya tope ya Desemba 2023, hatuhitaji kuelezwa zaidi. Ila mlima wetu haukulundikwa na mtu. Ule wa Kiteezi ulilundikwa, mfuko kwa mfuko, na wengi ambao hawakulala chini yake.

Ndugu mmoja wa jumuiya aliniambia: Bwana Yesu aliagiza mabaki yakusanywe, vikajaa vikapu kumi na viwili, basi mtambo unatii. Nakubali nusu. Siku ile watu wote walikuwa wameshiba kwanza. Jalalani kuna mama anayeokota chupa ili watoto wale jioni. Mtambo ukija, uzio unajengwa, naye anabaki nje.

Tena kuna jambo linalonisumbua zaidi: chakula tulichokitupa kikishaitwa nishati, nani ataona aibu kukitupa? Baada ya harusi moja hapa kwetu nilishuhudia sufuria nzima ya wali ikimwagwa nyuma ya ukumbi, nami nilinyamaza.

Hata hivyo, taka zilizokwisha kufukiwa zitatoa gesi kwa miaka mingi, tutubu tusitubu. Kuiacha ipotee hewani ni kosa la pili juu ya la kwanza. Mtambo na ujengwe. Lakini kabla ya uzio kusimikwa, yule mama aitwe kikaoni, na jina lake liandikwe kati ya watakaoajiriwa.